Rulma za gurudumu la nyuma: mwongozo kamili wa kuzibadilisha zisife tena baada ya wiki mbili

Wanamotari wa Goma mnaniletea shida ileile kila mwezi, ya rulma, zile pete za chuma zenye goroli ndani zinazofanya gurudumu lizunguke laini. Mnasema: "Nilibadilisha rulma, zikakaa siku kumi, sasa gurudumu linacheza tena." Wengine mmebadilisha mara tatu ndani ya msimu mmoja na kila mara mnalaumu duka, mnasema rulma za siku hizi ni bandia. Bandia ziko kweli, tutazisema, lakini ku moto nyingi nilizofungua nilikuta shida pengine: ao ile tiyo fupi inayokaa katikati ya rulma mbili haikurudishwa, ao rulma mpya iligongwa mahali pabaya wakati wa kuingia. Rulma ya namna hiyo inatoka garaji ikiwa imeshakufa, inangoja tu barabara ya mawe ya kule Majengo iimalizie.

Kwa hiyo soma pole pole, hasa sehemu ya kutoa na ya kuingiza. Hapo njo watu wengi wanapotelea.

Vitu vya kutayarisha kabla haujagusa ekru hata moja

- Kle mbili za akisi ya nyuma (ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya gurudumu), moja ya kushika kichwa, ingine ya kufungua ekru. Zikose kulegea, kle iliyochoka inakula ekru.
- Nyundo ya uzito wa kati, na kipande cha mbao ngumu.
- Fimbo ya chuma ndefu ya unene kama kidole kidogo, ncha yake iwe bapa na kona zake ziwe kali bado. Bisibisi si kazi yake hii, itapinda ao itapasuka.
- Duyi kubwa (soketi ya kufungulia ekru) ambayo upana wake wa nje ni mdogo kidogo kuliko rulma. Ukikosa, tunza rulma ya zamani, itafanya kazi hiyo.
- Kama unaweza kupata: fimbo yenye nyuzi za ekru ya milimita 12, ekru zake mbili na rondeli nene. Hii ni bora kuliko nyundo.
- Babula yenye makala, sufuria ya maji, vitambaa, petroli kidogo ya kusafishia, gresi.
- Miwani ya kukinga macho. Chuma cha rulma ni kigumu na kinavunjika kama kioo, kikiruka kinaingia jichoni. Usiseme nitafumba macho.
- Simu ya kupiga picha.
- Rulma mpya ZOTE za nyuma. Usibadilishe moja tu. Ile ya zamani inayobaki iko na nafasi ndani, inaacha akisi iyumbe, na ile mpya inabeba mzigo peke yake mpaka nayo inakufa.

Kwanza hakikisha ni rulma kweli

Simamisha moto ku bekiye ya katikati, gurudumu la nyuma liwe hewani. Shika pine juu na chini, sukuma na vuta kama unataka kulilaza. Ukisikia "tok tok", weka mkono mwingine ku mkono wa nyuma wa moto, ule unaobeba gurudumu, urudie. Kama mkono wenyewe unatembea pamoja na gurudumu, shida yako ni silamblok za ule mkono (mipira ya pale unaposhikana na moto), hata ukibadilisha rulma kumi hautapona. Kama mkono umetulia na gurudumu peke yake linacheza, ni rulma, ao akisi haikukazwa. Kaza akisi kwanza, upime tena. Kuna mtu alikuja kwangu na rulma mpya mfukoni, kumbe ni ekru tu ilikuwa imelegea, alirudi nyumbani na rulma zake.

Kisha zungusha gurudumu kwa mkono na uweke kiganja ku mkono wa nyuma, karibu na akisi. Rulma nzima hauisikii. Rulma iliyokufa unaisikia kama mchanga unasagwa. Ukiwa njiani alama zake ni mngurumo unaopanda na mwendo, kiuno cha moto kinachoyumba ku kona, shene inayokaza na kulegea bila sababu, na kitovu cha gurudumu kuwa moto sana hata kama haujashika freni.

Ukiona alama hizo usisubiri wiki iishe. Kikapu kinachoshika goroli kikivunjika, gurudumu linalala upande, shene inaruka, na nyuma yako kuko mama na mtoto mgongoni.

Hatua ya 1: Toa gurudumu

Kabla ya yote piga picha pande zote mbili. Angalia kila kipete (pete za chuma zinazokaa ku akisi pembeni ya kitovu) kiko upande gani, kirefu kiko kushoto ao kulia. Vipete hivi vikibadilishana nafasi, gurudumu linakaa pembeni na shene inakula kurone (ile sahani yenye meno inayovutwa na shene).

Toa gupi ya ekru (kipini kinachozuia ekru isifunguke) kama iko, fungua fimbo ya freni na ule mshipi wa chuma unaoshika sahani ya freni, legeza vikaza-shene, fungua ekru ya akisi, vuta akisi huku umeinua gurudumu kidogo. Kama akisi inagoma, zungusha na kle huku unavuta. Usiipige nyundo moja kwa moja ku nyuzi zake, rudisha ekru juu kwanza ao weka mbao.

Panga kila kitu chini ku kitambaa kwa utaratibu ulivyokitoa. Akisi yenyewe izungushe ku kioo ao ku meza laini: ikiruka-ruka imepinda, na akisi iliyopinda inaua rulma yoyote unayoweka.

Hatua ya 2: Tambua rulma ziko ngapi

Hapa wengi wanasahau. Moto nyingi za kubeba watu hapa mjini ziko na rulma mbili ndani ya kitovu na ya tatu ndani ya kile kibebeo cha kurone, kile kinachokaa juu ya mipira ya kupunguza mshtuko. Ile ya tatu ndiyo inavutwa na shene siku nzima. Mtu anabadilisha mbili, ya tatu anaiacha, baada ya wiki gurudumu linacheza tena naye anasema alidanganywa dukani.

Vuta kibebeo kwa mikono, kinatoka. Angalia na mipira yenyewe: ikiwa imekauka na kurone inatembea mbele na nyuma, badilisha nayo.

Hatua ya 3: Toa rulma za zamani

Katikati ya rulma mbili za kitovu kuko tiyo fupi ya chuma, mafundi wanaiita antretwazi. Kumbuka jina hilo, tutarudi kwake.

Laza gurudumu juu ya mbao mbili ili katikati kuwe wazi. Ingiza fimbo ya chuma kutoka juu, sukuma antretwazi kidogo pembeni. Itasogea milimita chache, na hapo ncha ya fimbo itapata ukingo wa pete ya ndani ya rulma ya chini. Gonga. Kisha sogeza fimbo upande wa pili wa pete, gonga. Kisha kushoto, kisha kulia. Usigonge mahali pamoja tu, rulma italala upande na kuchimba ukuta wa kitovu, na ukuta huo ni aluminiamu, laini, ukichimbika haurudi.

Ikigoma kabisa, mwagia kitovu maji ya moto kabla ya kuendelea (soma hatua ya 6), itaachia.

Ikitoka ya kwanza, antretwazi itaanguka nayo. ICHUKUE UIWEKE MFUKONI. Sisemi kwa kucheza. Nimefungua vitovu ambavyo havina kitu ndani, fundi wa kwanza aliona katiyo kamechafuka akakatupa, ao kalibaki chini ya meza. Geuza gurudumu, gonga ya pili kutoka ndani, sasa ni rahisi kwa sababu unaweza kutumia duyi.

Rulma ulizozitoa kwa kugonga pete ya ndani zimekufa. Hata kama moja ilionekana nzuri, usiirudishe. Kila pigo lilipita ndani ya goroli na kuacha vidonda vidogo ku njia zake.

Hatua ya 4: Safisha na uangalie antretwazi

Pangusa kitovu na kitambaa chenye petroli mpaka kusibaki gresi ya zamani wala vumbi. Vumbi letu la Goma ni lava iliyosagwa, ni kama unga wa chupa, chembe moja ikibaki nyuma ya rulma inaizuia kukaa sawa, na ikiingia ndani inasaga goroli kama msasa. Mbali na makala ya babula tafadhali, petroli inashika haraka.

Sasa antretwazi. Kazi yake ni hii: ukikaza ekru ya akisi, nguvu yote inapita ku kipete cha nje, inaingia ku pete ya ndani ya rulma ya kwanza, inapita ku antretwazi, inafika ku pete ya ndani ya rulma ya pili, inatoka upande mwingine. Mstari mmoja wa chuma. Goroli hazibebi hata kidogo nguvu ile ya kukaza. Ukiiondoa antretwazi, unapokaza ekru pete mbili za ndani zinavutwa kukutana, pete za nje zimebaki ku kitovu, na goroli zinaminywa pembeni. Rulma za namna hii hazikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa wa pembeni. Ziko na joto kabla haujafika Sake.

Angalia miisho yake miwili. Ikiwa imechanua kama uyoga kwa kugongwa-gongwa, ao imelika na kuwa fupi, haifai. Inatakiwa iwe ndefu kidogo tu kuliko nafasi kati ya ngazi mbili za ndani ya kitovu ambako rulma zinakaa. Iliyo fupi ni sawa na kukosa. Turneri mzuri (fundi wa kuchonga chuma ku mashine) anaweza kukutengenezea ingine, lakini mpelekee na gurudumu, asikadirie kwa macho.

Hatua ya 5: Nunua kwa namba, si kwa jina la moto

Usiseme dukani "nipe rulma ya TVS" ao "ya Boxer". Moto za jina moja zinatofautiana mwaka kwa mwaka. Soma namba iliyochorwa ku rulma ya zamani, kwa mfano 6202, 6301 ao 6302. Namba mbili za mwisho zinaonyesha tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni milimita 20. Mfano 6202 ni 15 ndani, 35 nje, unene 11. Na 6302 ni 15 ndani vilevile lakini 42 nje na unene 13. Akisi ni moja, kitovu ni kingine kabisa, njo maana muuzaji anaweza kukupa isiyoingia.

Baada ya namba angalia herufi. 2RS ni vifuniko vya mpira pande zote mbili. ZZ ni vifuniko vya bati. Kwa barabara zetu chukua 2RS bila kufikiria mara mbili, bati inaacha upenyo mdogo na vumbi la lava linapita humo.

Ya kweli: maandishi yake yamechorwa safi ku chuma na yanafanana na ya ku karatasi ya nje, imefungwa na mafuta membamba, ukiizungusha inazunguka kimya, laini na nzito kidogo kwa sababu ya gresi. Ukiitikisa karibu na sikio ikalia kama njuga, rudisha. Ikizunguka muda mrefu kama kichezeo, haina gresi.

Na usiifungue kuijaza gresi. Najua wengi mnafanya hivyo kwa nia nzuri. Kiwandani wanaacha kama theluthi moja tu ya nafasi iwe gresi, kwa makusudi. Ukijaza mpaka juu goroli zinakoroga gresi, joto linapanda, gresi inasukuma mpira nje, vumbi linapata mlango.

Hatua ya 6: Kuingiza, na hapa tulia

Usiku wa kabla, funga rulma mpya ku mfuko wa plastiki usiopitisha maji uziweke ku friza. Ukikosa friza nyumbani, ongea na mama anayeuza samaki wa barafu, hatakukatalia nafasi ya vitu vitatu vidogo.

Asubuhi chemsha maji ku babula. Huku kwetu tuko juu, karibu mita 1500, maji yanachemka ku digrii 95 hivi, inatosha kabisa. Mwagia kitovu pole pole kuzunguka mahali rulma inapokaa, dakika tatu nne, mpaka kiwe hakishikiki na mkono. Aluminiamu ikipanda digrii 70, tundu la milimita 42 linapanuka karibu milimita 0.07. Ni kama unene wa unywele, lakini kwa rulma ni tofauti kati ya kuteleza na kugongwa kama msumari. Usitumie moto wa shalimo la kuchomelea: unapinda kitovu, na ku gurudumu la kumwaga (lisilo na spoku) unachoma pine pia. Kausha haraka, hata tone lisibaki ndani.

Kama kitabu cha moto yako kinasema anza upande gani, fuata hicho. Kama hauna, anza upande wa freni.

Paka gresi nyembamba sana ku ukuta wa tundu, weka rulma sawa, namba zikiangalia nje. Weka duyi ku PETE YA NJE peke yake na ugonge pole pole. Ukigonga pete ya ndani, pigo linapita ku goroli na umeshaiua, haijatembea hata mita moja. Sikiliza sauti: mwanzo ni nzito, "dup dup", ikifika ku ngazi inageuka kali, "king king". Ikigeuka simama.

Ikilala upande usilazimishe. Itoe, pasha kitovu tena, anza upya.

Sasa geuza gurudumu, weka antretwazi, sema kwa sauti kama unaogopa kusahau, kisha rulma ya pili. Hii ya pili haigongwi mpaka mwisho kama ile ya kwanza! Inaingia mpaka pete yake ya ndani iguse antretwazi, basi. Kwa hiyo kila mapigo mawili matatu ingiza kidole uisukume antretwazi. Mwanzo inacheza huru. Ikifika wakati haichezi tena lakini kidole bado kinaweza kuisogeza kwa nguvu, umefika. Pigo moja zaidi na unaanza kuminya goroli pembeni, kosa lilelile la kukosa antretwazi, tofauti ni kwamba hili unalifanya wewe mwenyewe na nyundo.

Kabla haijabana, ingiza akisi ili kuweka antretwazi katikati, la sivyo baadaye akisi haitapita.

Wenye fimbo yenye nyuzi: rondeli nene inayofunika pete zote mbili, ya ndani na ya nje, kila upande, kaza ekru pole pole; hapa pete zote zinasukumwa pamoja, nguvu haipiti ku goroli. Rulma inaingia sawa bila pigo hata moja. Mimi sasa natumia hii tu.

Umefanikiwa kama: akisi inapita kwa mkono bila nyundo, pete za ndani zinazunguka laini kwa kidole pande zote mbili, na hakuna mahali zinakwama.

Kama rulma imeingia yenyewe kwa mkono, bila kugongwa

Usifurahi. Kitovu kimeshalika, rulma ya zamani ilikuwa inazunguka na pete yake ya nje. Kuweka vidonda na burini (patasi ya chuma) ao kufunga kipande cha kopo la maziwa kunakufikisha nyumbani, hakukufikishi mwisho wa mwezi. Dawa ni turneri akuwekee pete ndani ya kitovu, ao kitovu kingine. Ni pesa, najua. Lakini hesabu ni rulma ngapi umeshanunua.

Hatua ya 7: Rulma ya kibebeo cha kurone

Ni kazi ileile, fupi zaidi. Toa kwanza kile kipete cha katikati na mpira wa kuzuia vumbi, ushike kibebeo ku mbao, ugonge rulma itoke, upashe, uingize mpya kwa pete ya nje. Mpira ukiwa umepasuka weka mpya, bei yake ni ndogo na njo mlango wa kwanza wa vumbi. Rudisha kipete chake, nacho kinatupwa sana.

Hatua ya 8: Rudisha na upange

Paka akisi gresi nyembamba, isije ikashika kutu. Fuata picha zako. Kabla ya kukaza akisi panga shene: alama za kushoto na kulia ziwe sawa, na shene iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 chini katikati kwa moto nyingi ndogo, ukiipima mahali inapokaza zaidi. Shene iliyokazwa kama waya wa gitaa inavuta rulma ya kibebeo kila mzunguko, na watu wanaokaa watatu ku kiti wanaikaza zaidi.

Kaza ekru ya akisi vizuri, rudisha gupi mpya, rudisha mshipi wa sahani ya freni na gupi yake. Huo mshipi ukisahaulika, ukishika freni sahani yote inazunguka na gurudumu linajifunga. Rudia kuuangalia.

Sasa jaribio linalonipa jibu la kweli: zungusha gurudumu kabla ya kukaza, kisha baada ya kukaza. Inatakiwa lizunguke sawasawa. Likiwa zito baada ya kukaza, antretwazi ni fupi, haiko, ao kipete kimebadilishana. Fungua tena. Usitoke barabarani ukisema litazoea.

Siku za kwanza

Tembea kilomita tano bila mteja, simama, weka mkono ku kitovu. Vuguvugu ni sawa. Kikikuchoma bila kushika freni sana, kuna kitu kinaminywa. Baada ya siku mbili pima tena juu na chini, na ukague ekru.

Na wale mnaoosha moto kwa pompe ya nguvu, tafadhali msielekeze maji ku kitovu. Mpira wa 2RS unazuia vumbi na matone, hauzuii maji yenye presha. Yakiingia hayatoki, na kutu inaanza usiku huohuo. Osha hapo na kitambaa na ndoo.